Mpagazi, Karani na Kirongozi: Ushauri kwa Vijana wa Tabora Wanaoanza Biashara

Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi iliyokuwa imewalisha Wanyamwezi na kuwapa heshima kwa vizazi kadhaa, yaani kuchukua mizigo kwa mabega baina ya pwani na nchi za maziwa, ilianguka thamani yake kwa ghafla. Na njia ile ya chuma ilipokwisha kufika Kigoma mwaka 1914, msafara wa miguu wa kwenda Ujiji haukuwa tena na tajiri wa kuugharimia. Mpagazi aliyezoea kubeba frasila 2, ambazo ni takriban kilo 32, kwa mwendo wa karibu miezi 3 kutoka Bagamoyo, hakuweza kwa nguvu wala kwa ujira kushindana na behewa lisilougua ndui wala kudai posho. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba watoto wa kiume wa Unyamwezi walibebeshwa vipembe vidogo vya ndovu tangu utotoni ili mabega yao yazoee, na ni vigumu kuwafikiria watoto hao bila huruma, kwa kuwa wale wa mwisho wao walifundishwa kwa bidii kazi ambayo haikuwangoja wakue.

Naileta habari hii mbele ya wasomaji kwa sababu vijana wengi waliomaliza masomo, na hata watu wazima wenye vibanda vyao Gongoni na Kanyenye, wanauliza leo swali ambalo bila shaka liliulizwa chini ya miembe ya mji huu katika miaka ile. Tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, akili mnemba imekuwa mikononi mwa kila mwenye simu na bando, ikiandika barua, ikifasiri lugha, ikipiga hesabu na kutunga matangazo kabla mwenye simu hajamaliza kikombe chake cha kahawa. Basi kuna haja gani, wanauliza, ya kutoa akiba ndogo waliyonayo kuanzisha kazi ya ujuzi wowote, ilhali ujuzi wenyewe unagawiwa bure? Jawabu langu ni kwamba msafara haukuwa mabega peke yake. Ulikuwa na wapagazi, ulikuwa na karani aliyejua kusoma na kuandika, na mbele ya wote alitembea kirongozi, na anayetaka kujua kitu gani kitabaki na thamani katika mikono ya mwanadamu atafanya vyema kuutazama msafara mzima kabla ya kukata tamaa.

Kirongozi, ambaye aghalabu alijipamba kwa kitambaa chekundu na manyoya kichwani ili aonekane kwa mbali, ndiye aliyejua kisima kipi kimekauka, kijiji kipi kimepata msiba wa karibuni na kwa hiyo hakitaki kelele za wageni, na mtemi yupi hupokea salamu kwa moyo mkunjufu na yupi huipima kwanza nguo aliyoletewa. Katika nchi ya Ugogo, ambako maji ni machache na wenyeji walijua thamani ya maji yao, kila msafara ulitozwa hongo ya nguo na ushanga, na mazungumzo ya kukubaliana kiasi chake yaliweza kuchukua siku kadhaa. Aliyeghadhibika alizuiliwa kisima. Aliyetoa upesi na kwa wingi aliwaharibia wenziwe waliokuja nyuma. Na aliyefanya ubahili alijikuta hana wa kumuuzia nafaka, naye mbele yake kuna nyika ya Mgunda Mkali isiyo na soko. Kwa hiyo katika kikao kimoja mtu alikuwa akinunua mambo matatu, nayo ni njia ya leo, chakula cha juma lijalo na jina lake la mwaka ujao, wala hapakuwa na kitabu kilichoandikwa mizani ya mambo hayo matatu. Mwaka 1871, Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya Ujiji na vita vikafika hata kuuchoma mji wa Tabora, habari aliyopewa mtu na msafiri aliyetoka upande wa pili ilikuwa na thamani kuliko mzigo wa nguo za merikani. Hata Stanley, msafiri wa Kizungu, hangefika Ujiji mwezi Novemba mwaka ule lau asingepata watu wa kumzungusha kwa njia ndefu ya kusini.

Lakini mfano nilio na hamu ya kuukalia zaidi ni wa miaka 2 baadaye. David Livingstone, msafiri mwingine wa Kizungu, aliyekuwa amekaa hapa Kwihara kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872 akingojea wapagazi waletwe kutoka pwani, alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake wakabaki porini na maiti, hawana bwana, hawana amri, wala hawana aliyewaahidi ujira kwa kazi iliyokuwa mbele yao. Wangeweza kumzika na kutawanyika, wala hakuna ambaye angewalaumu. Abdallah Susi na James Chuma walishika uongozi. Maiti ikakaushwa kwa jua, ikazungushiwa nguo na kutiwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kwa mviringo, kwa namna ambayo mrina asali yeyote wa Unyamwezi angeitambua, maana ndivyo mizinga ya magome inavyotengenezwa hata leo. Na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na wamisionari, akaandika orodha ya vitu vya marehemu na kuchonga maneno juu ya mti pale ulipozikwa moyo wake.

Walipofika Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, walimkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wamzike hapa hapa, ushauri ambao kwa hesabu ya gharama na hatari ulikuwa sahihi kabisa. Waliukataa. Mbele ya Tabora watu wa njiani walikataa maiti kupita katika ardhi yao, na hapo wasafiri wale walifunga mabua ya nafaka kwa nguo kwa umbo la maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo kama wanaokwenda kuizika Unyanyembe, ilhali maiti yenyewe waliifungasha upya ikafanana na mtumba wa nguo kama mtumba mwingine wowote wa biashara, nao wakaendelea hata wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mtu aliyejua kuandika alikuwamo katika msafara ule na kazi yake ilikuwa ya lazima, lakini si yeye aliyeamua kuukataa ushauri wa Cameron, wala kalamu yake siyo iliyobuni mtumba wa mabua. Aliyebuni hila ile alikuwa mtu anayejua hofu ya wanakijiji ikoje, anayejua mpita njia huutazama mzigo wa nguo kwa jicho gani, na, juu ya hayo yote, anayejua kwa nini jambo lile lilistahili kufanywa.

Mashine hii mpya ya akili mnemba ni karani, na ni karani hodari. Imejifunza kutokana na maandishi mengi mno ya wanadamu kukisia neno lifuatalo neno, na kwa hiyo huandika kwa ufasaha juu ya jambo inalolijua na kwa ufasaha ule ule juu ya jambo isilolijua, bila sauti yake kutetemeka. Haijaonja asali ya Sikonge, haikuhudhuria msiba wa jirani yako, na haina jina la kupoteza. Mpe kazi ya ukarani, kwa hiyo, wala usione haya. Usimpe kazi ya kirongozi.

Mji wetu una sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Hapa kulikuwa na Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na kutoka humo walitoka wahazili waliojaza ofisi za nchi nzima, mabingwa wa taipu na hati mkato. Kompyuta iliwanyang'anya taipu, na karibu kila mwenye cheo siku hizi hujiandikia barua mwenyewe. Hata hivyo, wazee waliofanya kazi katika ofisi hizo hawatakwambia kwamba mhazili mwema alisifiwa kwa kasi ya vidole peke yake. Alisifiwa kwa kutunza siri, kwa kujua faili lipi limekaa wapi, kwa kumpokea mgeni mwenye hasira hata akaketi, na kwa kumkumbusha bosi wake jambo ambalo bosi hakupenda kulikumbuka. Hayo ndiyo yaliyomweka kazini baada ya taipu kuondoka.

Basi kijana mwenye duka la stesheni karibu na ofisi za serikali, anayepata riziki yake kwa kuchapa barua za maombi ya kazi na kutoa nakala, asijidanganye kwamba uchapaji utamlisha kwa muda mrefu. Na ajiulize mteja wake huja na shida gani hasa. Mzee anayetoka Uyui na mgogoro wa shamba hana shida ya herufi. Shida yake ni kwamba hajui barua iende kwa mtendaji wa kijiji, kwa baraza la ardhi au kwa halmashauri, hajui iambatane na nini, na anaogopa kuonekana mjinga mbele ya maafisa. Kijana atakayemvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza mipaka ya shamba inapita wapi na nani alishuhudia ikiwekwa, kisha akamwachia karani wa simuni aipange barua kwa mtindo wa kiofisi, na baadaye akamsomea mzee neno kwa neno kwa lugha anayoielewa, Kinyamwezi ikibidi, kijana huyo hauzi tena kurasa. Anauza msaada, na msaada una bei kubwa kuliko karatasi. Atafute pia, kwa miguu yake mwenyewe, kila ofisi inadai nini na siku gani, aandike katika daftari, na alisahihishe kila utaratibu unapobadilika, kwa maana maelezo ya mashine juu ya taratibu za ofisi huenda yakawa ya zamani au ya nchi nyingine.

Nigeukie sasa asali, kwa kuwa hakuna bidhaa inayoyaonyesha mambo haya kwa uwazi kuliko hiyo, na kwa kuwa misitu ya miyombo inayouzunguka mkoa huu ni mtaji ambao vijana wetu wengi wanaupita wakienda kutafuta mtaji.

Tuseme dada mmoja ananunua asali kwa warina wa Sikonge na kuiuza mjini. Kosa la kwanza linalowafilisi wengi ni la vipimo. Asali ni nzito kuliko maji. Lita 1 ina uzito wa takriban kilo 1.4, na kwa hiyo debe la lita 20 likijaa huwa na karibu kilo 28. Anayenunua kwa kilo kisha akauza kwa lita, akiongeza shilingi chache tu juu ya bei ya kilo, humpa mnunuzi kilo 1.4 kwa kila lita na kuula mtaji wake huku akidhani anapata faida. Na anayenunua kwa debe akauza kwa kilo, akijua siri hii, huipata faida halali ambayo mwenziwe hakuiona. Hesabu hii, pamoja na nauli, chupa, lebo, ushuru na asali inayobaki katika chujio, ni kazi ya karani kabisa: aiambie mashine kila gharama, aitake ionyeshe hatua za hesabu, naye azirudie kwa kalamu mara moja ili ajue zimetoka wapi. Vivyo hivyo maneno ya lebo, tangazo la kutuma kwa simu, barua ya kumwandikia mnunuzi wa Muscat au Nairobi kwa lugha yake. Yote hayo yanaweza kuandaliwa kwa jioni moja, na zamani yangemgharimu fedha nyingi.

Lakini asali yenyewe haimo ndani ya simu. Ni lazima asimame pale ndoo inapofunuliwa. Asali iliyorinwa katika masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta ina maji mengi, na maji yakizidi asilimia 20 au karibu na hapo asali huchachuka. Ataona povu juu yake, na atasikia harufu inayoelekea kwenye pombe. Iliyorinwa kwa moshi mwingi hunuka moshi mpaka mwisho wa chupa. Iliyochemshwa ili ichujike upesi hugeuka rangi na kupoteza harufu ya maua. Iliyoganda si mbovu, kwani kuganda ni tabia ya asali, lakini wateja wengi hudhani imetiwa sukari, na muuzaji asiyeweza kuwaeleza jambo hilo kwa subira na ushahidi atarudishiwa chupa zake. Akiiuliza mashine jinsi ya kuitambua asali safi, yawezekana ikamrudishia yale majaribio ya kiberiti, ya sisimizi na ya tone katika maji ambayo watu wameyaandika kila mahali na ambayo hayathibitishi kitu, kwa sababu karani huyu hukariri yaliyoandikwa na wengi. Kifaa kidogo cha kupimia maji ya asali kinathibitisha zaidi, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo hapa hapa Tabora. Aende akaulize kwa watu wenye mikono iliyoumwa na nyuki.

Na yuko mrina mwenyewe. Huyu ni mtu anayeamua nani ampe ndoo ya kwanza na nani ampe ya mwisho, na uamuzi wake hautokani na bei peke yake. Anamkumbuka mnunuzi aliyempunja kwa mizani mbovu. Anamkumbuka aliyekuja msimu wa njaa bila kununua kitu, akamjulia hali mkewe mgonjwa. Nasema kwa yakini kwamba saa 3 za kukaa chini ya mti na mrina, ukisikiliza mwaka huu mitundu imechanua vipi, moto ulipita msitu gani, na mashamba ya tumbaku yamekata kuni upande upi, zitakupa habari za biashara ya mwaka ujao ambazo hakuna programu yoyote inayo, kwa kuwa hakuna aliyeziandika.

Jambo la amana linastahili neno lake. Hamed bin Muhammad el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Unyanyembe, alichukua bidhaa kwa mkopo kwa tajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan, akaenda bara katika safari iliyoanza kiasi cha mwaka 1870, na asirudi Unguja mpaka 1882. Mdai alingoja miaka kama 12. Simtaji mtu huyu ili afuatwe. Pembe zake zilitoka katika vita na jasho la watumwa, na njia hii tunayoisifu kwa biashara ni njia ile ile waliyopita watu katika minyororo, wala mwandishi wa Tabora hana ruhusa ya kuisahau habari hiyo anapohesabu faida za zamani. Namtaja kwa sababu moja, kwamba hata katika tijara ile kubwa kitu kilichoisukuma bidhaa kutoka bandarini kilikuwa neno la mtu na kumbukumbu ya watu waliomjua.

Leo mikopo ipo. Sheria inaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine inaweza kuwaandikia andiko la mradi zuri hata likamvutia afisa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana vikundi vingi havivunjiki kwa kukosa andiko. Huvunjika kwa sababu watu 5 waliokutana kwa ajili ya fedha hawakuwahi kuulizana nani atashika ufunguo, nani atasaini, mwenzetu akifiwa marejesho yake yatalipwa na nani, na faida ya kwanza italiwa au itarudi kazini. Kaeni mkae, mbishane mpaka muelewane, muyaandike makubaliano yenu kwa maneno yenu wenyewe, kisha ndipo mmpe karani ayanyooshe. Andiko mlilotungiwa msilolielewa litawaaibisha siku afisa atakapokuja kuwauliza swali moja la kawaida.

Nina wasiwasi mmoja ambao sitaki kuuficha. Wengi mnapokea siri za watu kila siku: vitambulisho vya taifa, barua za hospitali, hati za mashamba, namba za simu za wateja na madeni yao. Ni rahisi mno kupiga picha karatasi ya mtu na kuitia katika programu ili ikusaidie kazi, na mwenye karatasi asijue kwamba siri yake imesafiri kwenda kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali asiyoijua. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inawahusu hata wenye maduka madogo. Ondoa jina, namba na kijiji kabla ya kuiuliza mashine lolote. Kama haiwezekani kuyaondoa, mwombe mteja ruhusa kwa kumweleza wazi karatasi yake inakwenda wapi. Akikataa, iandike barua yake kwa mkono wako, na kazi ikiisha futa nakala iliyobaki katika kompyuta yako mbele ya macho yake.